Shukrani za Kila Ijumaa

Mwezi uliopita mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na kwangu alinijia nyumbani, akanywa chai vikombe viwili, kisha akanieleza kilichomleta. Watoto wa siku hizi, alisema, hawana shukrani. Wananunuliwa viatu leo, kesho wanalilia vingine. Akaniomba nije siku ya wazazi niwaambie jinsi sisi tulivyosoma pekupeku, ili waone walivyobarikiwa.

"Wewe ni mwalimu wa zamani," aliniambia. "Wewe watakusikiliza."

Nilimwambia nina mgonjwa nyumbani. Sikuwa na mgonjwa, na uso wangu haujui kuficha uongo, kwa hiyo aliondoka amenuna. Ukweli ni kwamba upande huu wote wa Nyeri sijui mtu aliyefundisha shukrani kwa bidii kuliko mimi. Sijui pia mtu aliyeumiza watu kwa somo hilo kuliko mimi. Nimeona afadhali niandike, kwa sababu karatasi hainitazami usoni.

Nililetwa Nyeri kufundisha wakati uhuru ulikuwa haujafikisha miaka kumi. Kwetu ni magharibi, tunalima mahindi na miwa, na kahawa nilikuwa nimeiona kwenye kikombe tu, tena wakija wageni. Shule niliyopangiwa ilikuwa juu ya Othaya, kwenye barabara ya kwenda Kiriaini. Juu yetu kulikuwa na majani chai, chini yetu kahawa, mteremko baada ya mteremko, miti imepangwa kwa mistari iliyonyooka. Walimu wenzangu walikuwa wenyeji. Kengele ya mwisho ikilia walikimbilia mashamba yao, nami nikabaki katika nyumba ya mwalimu, chumba kimoja cha mbao, nikisahihisha vitabu na kusikiliza redio. Kikuyu sikukijua na, niseme kweli, sikujitahidi kukijua. Niliona mimi ndiye niliyekuja kufundisha.

Somo lenyewe lilizaliwa kwa sababu ya kipande cha nduma, gimbi la kuchemsha. Nilikikuta asubuhi moja nyuma ya choo cha wavulana, kimeumwa mara moja tu kikatupwa kwenye tope. Mimi nimelelewa na mama mjane aliyekuwa akigawa kiazi kimoja kwa watoto watatu, na alipokuwa akigawa alitutazama machoni mmoja mmoja ili tujue hakuna kingine. Nilipoiona ile nduma kichwa kilipata moto. Niliuliza darasa zima ni nani, wakanyamaza. Nikawachapa wote, wasichana na wavulana, na hata baada ya kuwachapa sikumjua aliyeitupa. Sasa nafikiri huenda hakuwa hata mmoja wao.

Ijumaa ile ile nikaanzisha utaratibu wangu. Saa ya mwisho kabla ya kwenda nyumbani, darasa la saba lingefunga vitabu, na kila mtoto angesimama, miguu pamoja, mikono chini, aseme: "Ninashukuru kwa kuwa nina..." Ataje kitu kimoja cha kwao, aeleze kinawafaa vipi, kisha akae. Tulitumia Kiswahili, maana Kiingereza chao kilikuwa cha kubabaisha na mimi lugha yao sikuwa nayo. Masharti yangu yalikuwa makali. Kitu kiwe cha kweli. Kisiwe kile kilichotajwa na mwenzako. Mtu asikae kabla ya kumaliza. Na anayesema hana kitu, viboko viwili, kwa sababu hakuna mtu asiye na kitu.

Wiki za kwanza nilijisikia kama mtu aliyegundua dawa. Mtoto mmoja alishukuru kwa blanketi, mwingine kwa nyanya yake asiyeona lakini anayejua hadithi nyingi, mwingine kwa taa ya koroboi. Mvulana mmoja alishukuru kwa mlango, akaeleza kwamba zamani walikuwa wakifunga nyumba kwa gunia. Nilimwandikia barua rafiki yangu wa chuoni nikimwambia watoto wameanza kubadilika, hata makelele yamepungua. Makelele yalikuwa yamepungua kweli, ila sababu yake sikuitafuta.

Mwalimu wa darasa la kwanza, mama mzee kidogo ambaye alikuwa amefundisha hapo tangu shule ikiwa ya nyasi, alinisimamisha siku moja nje ya ofisi.

"Mwalimu, hii kitu ya Ijumaa," alisema, "wewe unajua kwetu mtu hahesabu mbuzi yake mbele ya watu?"

"Mimi sihesabu mbuzi, mama. Nafundisha shukrani."

"Ni sawa tu. Ati mtoto asimame aseme kwetu tuko na hii, tuko na ile. Hata watoto wenyewe hatuhesabu. Mtu akiuliza uko na watoto wangapi, unaangalia kando."

Nilicheka. Nilimwambia kwa upole, ule upole wa kijana aliyesoma, kwamba mambo hayo ni ya ushirikina na sisi sasa tuna taifa la kujenga. Hakubishana nami. Alijifunga leso vizuri akaingia darasani kwake, na tangu siku hiyo hakunipa ushauri mwingine.

Sikufikiri kwamba watu wale walikuwa na sababu yao. Wazazi wa wanafunzi wangu walikuwa watu waliochomewa nyumba wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, wakasukumwa kwenye vijiji vya kuzungushiwa handaki, wakapekuliwa hadi ndani ya vyungu. Walikuwa wamejifunza kwamba kitu ukikitaja kinaweza kuondoka. Hayo niliyasoma baadaye katika vitabu, mimi niliyekuwa nikiishi katikati yao.

Sasa nifike kwa msichana. Alikaa karibu na dirisha, mstari wa pili, katika sweta ya mtu mkubwa iliyokunjwa mikono mara tatu. Katika hesabu hakuna aliyemkaribia. Nilikuwa nimeshamwambia mwalimu mkuu wetu wa wakati ule kwamba mtihani wa darasa la saba ukija, huyu ataitwa shule ya upili, na angekuwa msichana wa kwanza kutoka mteremko wao. Baba yake alikwenda Wang'uru kulima mpunga wa watu na habari zake zilikuja kwa nadra. Mama alibaki na watoto watatu, yeye akiwa wa kwanza, na kipande cha shamba chenye miti ya kahawa iliyopandwa na mumewe.

Zamu yake ilipofika, alisimama akasema, "Mwalimu, mimi sina."

Nilimpa viboko viwili. Hakulia. Ijumaa iliyofuata alisema, "Ninashukuru kwa kuwa nina ng'ombe," na darasa likaangua kicheko, maana kila mtu alijua kwao hakuna hata kuku. Nikamchapa tena, safari hii kwa uongo. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba ninataka ukweli mtupu, na kwamba nitamwuliza kila Ijumaa mpaka nimpate.

Ijumaa ya tatu alisimama muda mrefu akitazama ubao. Kisha akasema, na maneno yake ninayo mpaka leo:

"Ninashukuru kwa kuwa nina mama mwenye akili. Kahawa yetu ilishikwa na ugonjwa, ikakuwa nyeusi. Mama anachemsha maji, anamwagia mti moja kwa mizizi, polepole, mpaka inakauka yenyewe. Pale imekauka tunapanda viazi na maharagwe. Sasa tunakula kila jioni. Hata mimi sikuji shule na njaa."

Akakaa. Wenzake wakainamia madawati. Mvulana aliyeshukuru kwa mlango alijiziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilidhani wameguswa kama nilivyoguswa, kwa sababu macho yalikuwa yamenijaa machozi. Nilimwona yule mama peke yake, bila mume wa kumng'olea visiki, akibuni njia ya maji ya moto ili wanawe wale. Nilimwona mama yangu na kile kiazi.

Jambo ambalo kila mtoto darasani alilijua, na ambalo mimi mwalimu wao sikulijua, ni kwamba mti wa kahawa haukuwa wa kuchezewa na mwenye shamba. Ukishapandwa ulikuwa chini ya sheria. Kuung'oa bila ruhusa lilikuwa kosa la kupelekwa mahakamani, na hata kupanda maharagwe katikati ya mistari kulikatazwa. Ugonjwa ule ulioozesha kahawa ikiwa bado mbichi ulikuwa umefilisi watu, lakini miti ilibaki imesimama, hairuhusiwi kuondolewa, na chini yake hakuna kinacholiwa. Kwa hiyo wanawake wa mteremko ule walikuwa wakiiua miti kimyakimya, mmoja mmoja, kwa sufuria ya maji, ili bwana shamba akipita aone mti umejifia. Walifanya hivyo wengi. Hakuna aliyemwambia mwenzake, na wote walijua.

Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, mwisho wa muhula wa pili, nami nikamchagua yeye atoe shukrani kwa niaba ya darasa. Alinifuata jioni hiyo nje ya ofisi.

"Mwalimu, ile ya maji ilikuwa ya darasa tu?"

"Hapana. Hiyo ndiyo utakayosema mbele ya wazazi."

"Naomba niseme ingine."

"Ipi?"

"Niseme niko na afya."

"Afya kila mtu anayo. Yako ni nzuri kuliko zote. Unaona haya kwa sababu ni ya umaskini, sivyo? Umaskini si dhambi. Usimwonee haya mama yako."

Alikuwa akitazama viatu vyangu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu angemwambiaje mwalimu mwenye kiboko kwamba mama yake anavunja sheria? Alijibu, "Sawa, mwalimu," akaenda zake. Nimeurudia uso ule kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Ilikuwa hofu, hofu ya wazi kabisa, na mimi niliisoma kuwa ni haya kwa sababu haya ndiyo niliyokuwa nayo mimi nikiwa mtoto.

Siku ya wazazi ilikuwa na baridi ile ya Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye paa za madarasa. Wazazi walikaa kwenye nyasi, kina mama upande mmoja na viondo vyao vya kusuka, kina baba upande mwingine na makoti. Mbele, kwenye viti vilivyoazimwa kanisani, walikaa wageni: chifu, mwenyekiti wa chama cha ushirika cha kahawa, mchungaji, na bwana shamba wa tarafa, mtu mnene mpole aliyekuwa akipiga miayo. Mwalimu mkuu alikuwa anashughulika na chai ya wageni. Hakuwa amesikia mazoezi yetu hata mara moja.

Mama yake alikuwa mstari wa mbele kwenye nyasi. Nilikuwa nimemtumia ujumbe kwa mtoto kwamba asikose. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe kichwani, kimepigwa pasi, na alikaa wima akitabasamu. Kiswahili hakujua. Alijua tu kwamba mtoto wake ndiye aliyechaguliwa.

Msichana akaja mbele, akaunganisha miguu, akashusha mikono. "Ninashukuru kwa kuwa nina afya," alisema kwa sauti ndogo. "Afya inanisaidia kusoma." Akageuka aondoke.

Hapo ndipo nilipofanya kitendo ambacho ningetoa chochote nikirudishe. Niliinuka. Nilidhani ameshikwa na woga wa jukwaa, nikaona fahari yangu yote inaondoka na mtoto mwenye sweta kubwa. Nikamshika bega, nikawaambia watu kwa kicheko kwamba binti huyu ni mnyenyekevu mno, hataki kumsifu mama yake mbele ya wageni, basi acha mwalimu amsaidie. Na nikasema mwenyewe. Nilisema yote, kwa Kiswahili fasaha cha chuoni, polepole ili kila mtu asikie. Nilitaja kahawa iliyooza, nikaeleza maji yanavyochemshwa na jinsi yanavyomwagwa kwenye mizizi mti baada ya mti, nikamalizia kwa viazi. Nilinyoosha mkono kumwonyesha mama pale alipokaa, nikasema, "Huyu hapa, shujaa wa nyumba."

Bega la mtoto lilikuwa bado chini ya kiganja changu. Nililibonyeza nikimtia moyo.

Mama yake alipoona nimemnyooshea mkono, alipiga makofi. Alipiga peke yake, na tabasamu lake lote, kwa sababu hakujua. Halafu mwanamke aliyekaa kando yake akamwinamia akamwambia kitu sikioni. Mikono ikasimama. Sikuwahi kumwona mtu mwingine akizeeka mbele yangu kwa muda mfupi namna ile. Kina mama wengine walikuwa wamekwisha inamisha vichwa, kila mmoja akitazama kiondo chake. Bwana shamba hakuwa akipiga miayo tena. Chifu alimgeukia wakasemezana. Mwalimu mkuu alitokea na birika la chai mkononi, akaomba tuimbe wimbo.

Walikuja Jumatatu, bwana shamba na askari wawili wa chifu, na jembe. Walichimba miti iliyokauka kwenye shamba lile na kukuta mizizi imeiva kama muhogo. Waling'oa viazi na maharagwe yote, wakayaacha kwenye njia. Mama alichukuliwa, na wiki iliyofuata mahakamani alikubali kosa kabla hata ya kusomewa hadi mwisho. Alifungwa mpaka karibu na Krismasi. Baada ya hapo waliingia mashamba ya majirani, moja baada ya jingine, na miti mingi ilichimbwa. Wengine walipona kwa onyo tu, wengine walipelekwa kama yeye. Mteremko mzima ulijua taabu ile ilitoka mdomoni mwa nani, lakini kwa kuwa mwalimu ni mwalimu, lawama waliibebesha nyumba ya msichana.

Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye aliyekuja kunieleza, maana mimi nilikuwa bado sielewi askari walitaka nini. Alieleza kwa utaratibu kama anavyoeleza watoto wake wa darasa la kwanza. Hakuniambia, "Nilikwambia." Ningependa angeniambia.

Nilikwenda kwa chifu. Alinipokea vizuri, akaniambia, "Mwalimu, wewe ni mgeni. Ungeuliza tu." Nilikwenda kwa bwana shamba ofisini kwake, nikamwambia yule ni mama mwenye njaa, na kwamba mtoto ana mtihani mwaka huu. Nilisema kwa hasira, na kwa kweli nilikuwa natafuta mtu wa kubeba hasira ile badala yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi napita hapo kila mwezi," alisema. "Unafikiri sijui mti iliyokufa na ugonjwa na mti iliyopikwa? Mimi pia nimezaliwa na mwanamke. Nilikuwa naangalia kando. Sasa wewe umeita chifu, umeita mwenyekiti wa chama, umeita kanisa, umewaambia na sauti kubwa. Ningeangalia wapi?"



Shule ilifunguliwa muhula wa tatu. Kiti cha karibu na dirisha kilikuwa kitupu. Ijumaa ya kwanza, saa ya mwisho, sikutangaza chochote, lakini watoto walifunga vitabu wenyewe, kwa sababu ndivyo nilivyowazoeza. Wa kwanza alisimama akaunganisha miguu. "Ninashukuru kwa kuwa nina afya. Afya inanisaidia kusoma." Akakaa. Wa pili akasimama. "Ninashukuru kwa kuwa nina afya. Afya inanisaidia kusoma." Nilitaka kumkumbusha sharti la kutorudia cha mwenzake, wa tatu akasema vile vile, nikatambua wameamua wote. Walikuwa arubaini na mmoja. Walisimama mmoja baada ya mwingine hadi mstari wa nyuma, kwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile isiyo na kitu ndani, na yule mvulana wa mlango naye alikuwa na afya. Nilisimama na chaki mkononi mpaka wa mwisho akakaa. Hiyo ndiyo Ijumaa ya mwisho.

Msichana hakurudi. Nilimtumia ujumbe mara tatu kwa watoto wa jirani, na kila mara walisema hawakupitia njia hiyo. Baba yake, nilisikia, alikuja kutoka Wang'uru siku moja, akayatazama mashimo shambani mwake, akarudi alikotoka. Jumamosi kabla ya mtihani nilijitwika mfuko wa unga na madaftari mawili nikashuka mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushuka mteremko ule, mimi niliyewataka watoto wanieleze kila kilichomo ndani ya nyumba zao.

Shamba lilikuwa mashimo matupu kati ya miti iliyobaki. Nyumba ilikuwa ya udongo, jikoni kando. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jikoni akimenya viazi vidogo sana, vile vya kuokota baada ya wenyewe kuvuna, na mdogo wake wa mwisho amelala mgongoni. Yule wa katikati alikuwa amekwenda mtoni. Sweta ilikuwa ile ile. Aliponiona aliinuka.

Nilimwambia mtihani ni Jumanne. Nilimwambia jina lake bado liko kwenye orodha, kalamu nitampa, mwalimu wa darasa la kwanza amekubali kukaa na wadogo zake siku zote za mtihani. Nilizungumza haraka. Nilimwambia anaweza kupita hata bila kusoma tena, kwa hesabu zake tu.

"Siwezi, mwalimu."

"Kwa nini? Mama atafurahi akitoka akikuta umefanya."

"Watu hawataki kutuona huko. Wakipita hapa wanatema mate." Alisema bila uchungu, kama anayetaja bei ya chumvi. "Na hawa wakikula ni kwa sababu nimetoka kutafuta. Nikienda, hawatakula."

Nilimwambia kosa lilikuwa langu. Nilisema nitasimama mbele ya watu niwaambie hivyo. Alinitazama kwa mara ya kwanza, nami nikaelewa kwamba kitu cha mwisho alichotaka duniani ni mimi kusimama tena mbele ya watu.

Kwa hiyo nikamkabidhi ule unga. Sikuwa na kingine. Aliupokea kwa mikono miwili, akauweka chini polepole kando ya ukuta wa jikoni. Halafu akafuta mikono kwenye sketi, akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaunganisha miguu na kushusha mikono.

"Ninashukuru kwa kuwa nina unga," alianza.

"Hapana," nikamwambia. "Tafadhali. Hapana, acha."

Hakuacha. Mpaka leo sijui kama alikuwa akinidhihaki. Nimejaribu miaka yote kuamini kwamba alinidhihaki, maana hilo ningelistahimili. Lakini macho yake yalikuwa mbele, juu ya kichwa changu, pale ambapo darasani pangekuwa na ubao, na sauti ilikuwa ya mtoto anayeogopa kukosea.

"Unga utatusaidia kwa sababu ndugu zangu watakula leo na kesho. Hata mimi nitakula." Alisita akifikiri kama kuna kilichobaki. Mtoto mgongoni aliamka akaanza kulia, na yeye hakumgusa, mikono ilikuwa bado chini. Alikuwa anangoja. Nilikuwa nimewafundisha kwamba mtu hakai kabla ya kumaliza, na kwamba mwalimu ndiye anayejua kama umemaliza.

"Mwalimu," aliniuliza, "naweza kukaa?"

Nikamwambia akae.